Gari la Viti Viwili

Jambo la kwanza ambalo Fundi Justus aliligundua kuhusu kipindi kile cha televisheni ni kwamba hakuna mtu aliyekuja kuwajulia hali. Wazungu wawili walikuwa katika banda safi, sakafu imepakwa rangi, wakiunganisha gari. Kwa nusu saa nzima hakutokea jirani wa kuazima nyundo, wala mteja wa kuuliza kazi yake imefika wapi, wala kuku.

"Hawa hawana watu?" aliniuliza.

"Labda wamefunga mlango, Fundi."

"Ukifunga mlango, si ndio watu wanagonga?"

Tulikuwa katika hoteli ya Mahmud, hapo Tala, Ukambani, mapema mwaka wa 1998. Chuo kikuu changu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, nami nimerudi nyumbani na vitabu vyangu kumsaidia mama kuuza mitumba. Karakana ya Fundi Justus ilipakana na meza yetu. Alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa shule za bweni hubeba kichwani mwezi wa kwanza. Kwa miaka ishirini alikuwa amekata bati, akakunja kingo zake juu ya waya, akapiga ribiti na kupaka rangi. Kelele za nyundo yake ndizo nilizosomea tangu darasa la kwanza, na mpaka leo nikisoma mahali penye kimya kingi usingizi hunichukua.

Kiingereza alikijua, ila alisema kile cha televisheni kinakimbia. Akamwomba mama ruhusa nimsaidie kutafsiri. Mimi, msichana, kukaa hotelini katikati ya wanaume ilikuwa adhabu, na Fatuma, mke wa Mahmud, aliliona hilo kabla sijafungua mdomo. Aliniwekea kigoda nyuma ya kabati la kioo la mahamri, mahali ambapo niliiona televisheni na hakuna aliyeniona mimi. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na robo jioni sauti yangu ilitoka kwenye mahamri, na wazee wakaizoea.

Kipindi chenyewe kilihusu watu wa kawaida, si wa kiwandani, wanaonunua vipande vya gari vikiwa kwenye makreti na kujiundia gari nyumbani. Chini wanatumia kitako na injini ya gari kuukuu, juu wanavalisha umbo jipya. Dakika kumi za mwisho tulizitazama bila sauti, kwa sababu adhana ya magharibi ilipoanza Mahmud alinyamazisha televisheni, akaiacha picha, akaenda msikitini. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Nilidhani Fundi angelalamika, lakini alisema hapo ndipo alipoelewa zaidi, maana alikuwa akiangalia mikono tu.

Kilichomsumbua kilikuwa matangazo. Wazungu walikuwa wakifunga mlango mmoja, tangazo la sabuni likaingia, na waliporudi milango ilikuwa miwili na imeshapakwa rangi.

"Mwalimu," akaniita, maana hilo ndilo jina alilonipa, "hapo kwa sabuni wamefanya nini?"

"Wamefunga mlango wa pili, Fundi."

"Kwa hivyo kazi yote inafanywa wakati wa sabuni."

Hoteli nzima ilicheka. Tangu siku hiyo, mteja akija karakanani kuuliza sanduku lake, Fundi alimjibu bila kuinua kichwa, "Bado tuko kwa sabuni." Na mteja alielewa.

Wengi walidhani anatazama ili kupoteza muda. Mimi nilijua sababu, kwa kuwa Nzisa, mkewe, alikuwa amemwambia mama. Nzisa alizaliwa Ekalakala, karibu na bwawa la Masinga, na mama yake, Susu Mwikali, alikuwa bado anaishi huko. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, na kila mtu alimwita hivyo. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuja hospitali moja ya Machakos mara moja kwa mwaka, wiki moja ya mwezi wa kumi, wakapasua bila malipo, wakaondoka. Mwaka wa tisini na sita Susu alikaa kando ya barabara na kikapu chake tangu alfajiri mpaka jua la utosi, na gari likaja limejaa, likampita. Mwaka uliofuata alikaa tena, ila mvua kubwa ilikuwa imesomba daraja na hakuna gari lililokuja kabisa. Muuguzi aliyempima baadaye alisema jicho la kulia likikosa mwezi wa kumi unaokuja, huenda lisifae tena kupasuliwa.

Kwa hiyo Fundi Justus alitaka gari lake mwenyewe, la kumfikisha Susu Machakos wiki ile ya mwezi wa kumi. Kununua hakuweza. Na Jumamosi moja aliona kwenye televisheni kwamba chini ya lile gari jipya la Wazungu kulikuwa na kitako cha Volkswageni, lile gari la zamani lenye mgongo wa kobe.

Akasimama na kikombe mkononi. "Hiyo si gari ya Aweys?"

Aweys alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na kwa miaka mingi alibeba wanambuzi ndani ya Volkswageni mpaka mkojo wao ukala bodi yote. Mabaki yake yalikuwa nyuma ya soko la ng'ombe, injini nzima, juu kutu tupu. Fundi alimwendea Jumatatu. Aweys alimwambia achukue, ila amtengenezee mkewe Deeqa masanduku mawili makubwa ya nguo, na asiwaambie watu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akibeba mbuzi katika gari la mke wake.

Wazungu walikuwa na bodi iliyomiminwa kiwandani kama sahani ya plastiki. Fundi alikuwa na bati. Akalikata, akalikunja kingo juu ya waya, akapiga ribiti, kama masanduku yake yote, na polepole karakanani likatokea pua, kisha kifua, kisha mgongo mfupi. Vipimo alivichukua kwa macho kutoka kwenye televisheni, akavichora kwa chaki ukutani. Mvua iliponyesha chaki ilifutika, akachora upya. Kulikuwa na mazishi mawili, msimu wa masanduku ya shule, na wiki nzima ambayo mashine ya kuchomea vyuma ilikataa kuwaka. Mlango mmoja tu ulimchukua wiki tatu. Watu walipita, wakasimama, wakatoa ushauri. Hakuna aliyefungiwa mlango, maana karakana haikuwa na mlango.

Mahmud alikuwa akija kila alasiri na birika, na kila alasiri alikuwa na jambo.

"Justus, hii gari itapiga honi ama itagongwa kama sanduku, hodi hodi?"

"Wewe leta chai, Mahmud. Honi utaisikia ukiwa msikitini."

Kufikia mwezi wa sita bodi ilikuwa tayari kuvalishwa juu ya kitako. Katika televisheni kazi hiyo ilifanywa na winchi inayoning'inia darini. Tala kulikuwa na mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimbiana matuta ya shamba, leo kwako, kesho kwangu. Nzisa alikuwa mwanachama. Walikuja kumi na wawili, Alhamisi asubuhi, wamefunga leso viunoni, wakaizunguka ile bodi ya bati na kuiinua kwa wimbo kama wanavyoinua jiwe shambani. Ilikuwa ikielea juu ya kitako, miguu imekaza, Fundi amepiga magoti chini akielekeza, mama mmoja wa nyuma alipochungulia ndani.

"Baba Kaloki," akaita, kwa kuwa Kaloki ndiye mwana wao wa kwanza, "viti ni viwili tu?"

"Viwili. Kama vile vya televisheni. Shusha polepole!"

"Wewe utaketi wapi?"

"Kwa usukani."

"Na mama mkwe wako?"

"Si hapo kando ya..."

Hakumaliza. Wimbo ulikatika. Mwenzake mmoja akaanza kucheka, kicheko kikashika wote, na bodi ikatua juu ya kitako kwa kishindo, bahati nzuri mahali pake.

Lazima nieleze kwa asiyetoka kwetu. Ukambani mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huacha njia. Tunaiita nthoni. Vijana wameilegeza sana, lakini Susu Mwikali alikuwa wa zamani, na Fundi Justus kwa miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kumkaribia kuliko hatua kumi. Sasa alikuwa amejenga gari ambalo wangeketi bega kwa bega, goti kwa goti, kilomita themanini.

Alikaa juu ya fuawe lake, mikono mapajani. Akina mama walikuwa wameshika matumbo.

"Miezi mitano nimepima," alisema. "Nimepima mpaka upana wa mfuko wa mlango."

"Kwenye televisheni hakukuwa na mama mkwe?" mmoja akauliza, na wote wakaanguka tena.

Hakukuwa na mama mkwe. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi tangu wakati huo, nikiona vipindi vya namna ile. Gari linajengwa kwa uzuri kabisa, na hakuna anayeuliza litambeba nani. Hakuna mgonjwa anayelingoja. Viti ni viwili kwa sababu gari la namna hiyo hupendeza likiwa na viti viwili. Fundi alikuwa ameanza na mtu wa kubebwa, halafu picha zikawa nzuri sana, na yule mtu akamtoka akilini kwa muda. Sidhani alikuwa mjinga. Mimi nilikaa nyuma ya kabati la mahamri wiki zote zile, nikamtafsiria kila neno, na swali hilo halikunijia hata siku moja.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya ushauri. Nyuma hapakuwa na nafasi ya kiti, maana Volkswageni injini yake iko nyuma. Mbele palikuwa na tangi la mafuta. Mahmud alipendekeza pazia.

"Unafunga kitambaa hapa katikati. Yeye upande wake, wewe upande wako. Kwetu mambo ya pazia tunayajua."

"Na gia iko katikati," Fundi akasema. "Nikibadilisha gia mkono unaingia kwa mama mkwe."

Mahmud akatikisa kichwa. "Basi uende na gia moja."

Jirani mwingine alisema Susu haoni, kwa hiyo nthoni yake imelala usingizi mpaka apasuliwe. Neno hilo lilionekana la maana, na Nzisa akatumwa Ekalakala kumuuliza. Alirudi siku ya tatu na jibu.

"Amesema yeye ndiye haoni. Mkwe wake anaona."

Hapo mjadala uliisha. Kisha Mahmud, safari hii bila mzaha, akajitolea kuendesha yeye mwenyewe. Nzisa alimshukuru, akamwambia ukweli kwamba njia ni ndefu na mama ni mzee. "Akitaka kuingia kichakani atamwambia nani, wewe?" Mahmud akakubali kwamba hilo hakuwa amelifikiria.

Tulikuwa uani kwao. Nzisa alikuwa anaosha sufuria, mimi nikimsaidia kusuuza, na Fundi amekaa kwenye ngazi akiangalia viatu vyake. Nzisa akauliza bila kugeuka, "Baba Kaloki, hiyo gari inaendeshwa na mikono ama na ndevu?"

"Na mikono."

"Basi si mimi niko nayo miwili."

Tala nzima ilikuwa imeshamsikia Fundi akisema atakavyoingia Ekalakala kwa gari lake. Alikuwa amewahi kuendesha lori la mawe alipokuwa kijana Athi River, na nadhani kwa miaka yote ile alikuwa akiota usukani mwingine. Na viti vilikuwa viwili. Nzisa akiendesha na mama yake akikaa, mjenzi wa gari hatakuwa na nafasi ndani yake, siku ile ile aliyolijengea.

Akanigeukia mimi. "Mwalimu, yule Mzungu aliendesha yake mwenyewe, siku ya mwisho?"

"Ndiyo, Fundi."

"Alienda wapi?"

"Alipanda mlima, akageuza, akarudi."

"Alifuata nini huko juu?"

"Sijui. Ilikuwa wakati wa adhana, sauti haikuwepo."

Fundi akatoa ufunguo mfukoni, akausukuma kwenye ngazi mpaka ulipofika karibu na beseni la Nzisa. "Usiushike na sabuni," akasema. "Na clachi usiikanyage kama unaua nge."

Alimfundisha kwenye uwanja wa mpira, siku ambazo si za soko, kabla gari halijapakwa rangi. Nilikuwa nikikaa kwenye nyasi na kijitabu cha sheria za barabarani, maana Nzisa alisoma mpaka darasa la nne na sehemu ya maandishi aliniachia mimi. Fundi alikuwa mwalimu mkali na Nzisa mwanafunzi mkaidi.

"Clachi!"

"Nimesikia."

"Ukisikia, si ukanyage!"

"Ukipiga kelele mimi naenda kupika, na utampeleka mama yangu na pazia lako."

Jioni walirudi nyumbani pamoja wakiwa wamenuniana, na asubuhi walikuwa uwanjani tena. Mwezi wa nane aliweza kugeuza mahali pembamba kuliko yeye Fundi. Mwezi huo huo walilipeleka gari Machakos kukaguliwa. Mkaguzi alilizunguka mara tatu, akagonga ubavu wake kwa kidole, akasikia linavyolia.

"Hii ni nini?"

"Ni gari, mkubwa."

"Nani alitengeneza?"

"Ni mimi na mwethya."

Mkaguzi aliandika neno hilo mahali pa jina la mtengenezaji, kisha akacheka, akalifuta, akajaribu breki na taa. Breki zilishika. Akapiga mhuri.

Mtihani wa Nzisa haukwenda hivyo. Huanza kwenye meza yenye mfano wa mji, barabara zimechorwa, na unapewa kigari kidogo cha kuchezea ukionyeshe njia. Mtahini alimwambia, "Mama, toka hapa sokoni, uende hospitali." Nzisa alichukua kigari, akakipitisha moja kwa moja juu ya mzunguko, juu ya bustani, mpaka mlangoni pa hospitali.

"Mama, umepita juu ya maua."

"Niko na mgonjwa."

Alianguka. Mtihani mwingine ulikuwa wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa, siku tisa tu kabla ya madaktari kuja. Siku hizo Fundi hakugusa sanduku hata moja. Alichora ule mji kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, chini ya ukuta uliokuwa na vipimo vya gari, na Nzisa akapita ndani yake kwa miguu, akikunja kushoto, akisimama, akimpisha mama yangu aliyekuwa amewekwa kwenye mzunguko kuwa lori. Mahmud alikuwa trafiki. Sijawahi kuona mtihani ukisomewa na watu wengi vile. Na alipita. Alirudi na ile karatasi ameishika mbele kwa mikono miwili, na Fatuma akatoa mahamri ya bure kwa kila aliyekuwepo.

Jumapili ya wiki ya madaktari, Nzisa aliondoka Tala peke yake, saa mbili asubuhi, kwenda Ekalakala kumchukua mama yake. Fundi alizunguka gari, akapiga teke gurudumu, akamwambia aangalie mafuta ya injini, akamwambia tena. Gari lilipokata kona alibaki katikati ya barabara mpaka mkokoteni ukamwomba njia.

Jumatatu mimi na yeye tulipanda basi kwenda Machakos, yeye kungoja na mimi kusoma fomu. Orodha ya wagonjwa ilifungwa saa sita mchana. Saa tatu tulikuwa langoni. Saa nne hakuna. Saa tano hakuna. Fundi alikuwa akitembea kutoka lango mpaka barabarani, akihesabu sehemu za gari ambazo zingeweza kuachia: kebo ya mafuta, mkanda, ribiti moja ya kushoto aliyoitilia shaka. Aliniambia kama ni ile ribiti, kosa ni lake na asisamehewe. Nilikwenda kwenye dirisha la karani na kumwomba aliandike jina la Mwikali, akasema mgonjwa lazima aonekane. Nikarudi. Mimi si mtu wa kubishana na makarani, lakini siku ile nilimrudia mara nne.

Saa tano na dakika arobaini Fundi aliinua mkono kuninyamazisha, ingawa sikuwa nikisema kitu. Kisha nami nikausikia, ule mlio wa Volkswageni kama mtu anayecheka kwa kifua. Gari likatokea kilimani, matope mpaka madirishani. Nzisa alikuwa ameshika usukani kama umemwotea mikononi, na kando yake Susu ameketi wima, kitambaa kichwani, kikapu mapajani. Fundi alikimbia hatua tatu mbele, akakumbuka, akarudi nyuma hatua kumi.

"Mto ulikuwa umejaa!" Nzisa alinipigia kelele. "Nilingoja maji yapungue! Fomu iko wapi?"

Tulimshusha Susu, mmoja huku mmoja kule, tukaingia. Karani aliangalia saa, akaniangalia mimi, akaandika jina. Lilikuwa la pili kutoka mwisho.

Walimpasua jicho la kulia alasiri ile. Nimewaombea madaktari wale mara nyingi, na majina yao sikuyajua. Jumanne asubuhi waliondoa bandeji, na Nzisa aliniambia kwamba jambo la kwanza mama yake alilosema ni kuuliza kwa nini yeye, Nzisa, amenenepa hivyo.

Kisha akasema anataka kuliona gari.

Tulitoka naye uani taratibu, jua la asubuhi halijawa kali. Fundi alikuwa akipangusa kioo. Alipotuona akaacha kitambaa juu ya boneti na kujificha nyuma ya tangi la maji la hospitali, nami nikaenda kusimama karibu naye. Susu alifika kwenye gari. Hakuligusa. Alikuwa amelishika jana njia nzima. Leo aliliangalia. Alilizunguka mara moja, polepole, akirudi nyuma na kuinamisha kichwa ili jicho lake moja lipate nafasi. Alisimama mbele ya pua yake kwa muda mrefu mno, mpaka nikasikia Fundi anavyopumua.

"Nzisa," akasema, kwa sauti ambayo ingefika langoni. "Muulize aliyetengeneza. Hii madigadi ya kushoto, mbona iko chini kuliko ya kulia?"

Nzisa alikuwa amesimama katikati yao, hatua kumi huku na hatua kumi kule. Akageukia tangi. "Anauliza, madigadi ya kushoto mbona iko chini?"

Nilimtazama Fundi, nikidhani ataona aibu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na machozi yanashuka juu ya vidole. Tala nzima ilikuwa imelitazama gari lile miezi mingi, na Mahmud mwenye jicho la kutafuta makosa, na mkaguzi wa serikali mara tatu, na mimi. Hakuna aliyekuwa ameona.

"Mwambie ni kweli," alisema alipoweza. "Ni nusu inchi. Mwambie nitairekebisha."

"Anasema ni nusu inchi, atarekebisha."

"Mwambie asirekebishe sasa," Susu akasema, "tuna safari ya kurudi." Kisha, akiangalia ukuta na si tangi, kama heshima inavyotaka, "Mwambie muvea. Mwambie muvea sana."

Ndiyo asante yetu. Nzisa alifungua mdomo kuipeleka, lakini Fundi alikuwa ameshaisikia, akainua mkono juu ya tangi la maji ili waone imefika.

Waliondoka kabla ya saa nne, Nzisa kwenye usukani na Susu kando yake, kichwa kimegeukia dirishani muda wote. Mimi na Fundi Justus tulitembea mpaka kituo cha basi. Palikuwa na mzee mmoja anayengoja, hatumjui, na Fundi akaketi kando yake, akamsalimia, akamwuliza habari za mvua za kwao.

"Niko na mama mkwe," akamwambia kisha. "Jana alikuwa haoni hata mchana. Leo ameona nusu inchi."